Mpangaji wangu wa kwanza anahama, depoziti nimkate ngapi?

Shikamoo Bi,

Natumai u mzima. Mimi niko Mtwapa, pwani ya Kenya, marehemu baba alituachia kiploti na mimi na mume wangu tukajenga pole pole kwa mkopo wa Sacco, nyumba nne za chumba kimoja na sebule, choo na jikoni ndani. Hii kazi ya kupangisha ni mpya kwetu, nasoma nikiendelea.

Sasa mpangaji wangu wa kwanza kabisa anahama. Ni mwalimu wa chekechea, ana watoto pacha wa miaka mitano, sote hapa twamwita mama pacha. Amekaa miaka miwili na miezi nane, kodi ni 12,000 na amelipa vizuri, alichelewa mara mbili tu na mara zote alinipigia simu kabla. Notisi ya mwezi mmoja ametoa kwa maandishi. Alipoingia alilipa depoziti ya nyumba 12,000 na ya maji 1,000, jumla 13,000, na nyumba ilikuwa mpya, rangi bado inanuka.

Jumapili nilienda kuangalia nikashtuka. Chumbani ukuta mmoja watoto wameuchora kwa kalamu za rangi kutoka pembe hadi pembe. Sebuleni alifunga chuma cha kutundikia TV, sasa amekitoa yamebaki mashimo manne na plasta imebomoka kama ngumi. Luva mbili za dirisha zimevunjika. Jikoni ukutani ni mafuta ya kukaangia matupu. Kabati chini ya sinki mbao zimefura mlango umening'inia, yeye asema bomba lilikuwa likivuja na alimwambia keretaka, yule mwangalizi wa nyumba zetu, tangu Januari. Rangi chini ya kuta za nje imebambuka karibu futi moja kwenda juu. Mifereji ya kufungulia maji yavuja, kitasa cha chumbani kimelegea, funguo amerudisha moja na nilimpa mbili. Na bili ya maji ya mwisho 1,150 hajalipa.

Keretaka ni shemeji yangu. Yeye aniambia nisisumbuke, depoziti hairudishwi popote, ndiyo ya rangi. Ameleta fundi akasema kupaka nyumba nzima ni 16,000, sasa shemeji asema mama pacha abaki akidaiwa na tuzuie friji yake mpaka alipe. Mume wangu naye asema tumrudishie zote, ni mtu mzuri na analea watoto peke yake. Makubaliano tuliyoandikiana ni kurasa mbili tu na kuhusu depoziti yasema "itarudishwa nyumba ikiwa katika hali nzuri" basi.

Alafu Bi kuna kitu sijamwambia mtu. Hizo 13,000 hazipo. Tulinunulia tangi la maji mwaka huo huo. Naona haya hata kuandika. Anahama mwisho wa mwezi, nifanyeje ili nisimdhulumu na mimi nisidhulumike?

Mwenye nyumba mpya, Mtwapa

JIBU

Marahaba mwanangu, pole na hongera pia, kujenga nyumba nne kwa kiploti cha urithi si mchezo. Nafurahi umeuliza kabla hujakata maana wengi huuliza baada ya kugombana.

Nianze na hilo la shemeji, eti depoziti ndiyo ya rangi. Najua katoa wapi. Makubaliano mengi ya huku kwetu yana kile kipengele cha mpangaji akihama apake rangi nyumba irudi kama alivyoikuta, na watu wamezoea hadi wanadhani ni sheria ya nchi. Yako haina kipengele hicho. Yasema "hali nzuri", na nyumba iliyokaliwa na mama na watoto wawili karibu miaka mitatu haiwezi kuwa hali ya siku ya kwanza, hata ungeikalia wewe mwenyewe isingekuwa. Kiswahili chetu kina neno zuri la pesa kama hizi, ni amana. Amana ni ya aliyeiweka. Wewe wachukua tu kile kipande ambacho waweza kumuonyesha kwa kidole kwamba hiki umekiharibu wewe, si jua, si chumvi, si miaka, na kukirudisha kimenigharimu kadha. Usichoweza kumuonyesha hivo, si chako.

Na ujue hii tabia ya kula depoziti ndiyo imezaa ile nyingine ambayo wenye nyumba twailalamikia kila siku, mpangaji akitaka kuhama halipi mwezi wa mwisho, akuambia tu "nitakaa kwa depoziti". Kwa nini asifanye hivo kama ajua hatarudishiwa? Huyu wako amelipa mpaka mwezi wa mwisho na akatoa notisi, manake amekuamini.

Sasa tuingie ndani ya nyumba.

Hizo kuta za nje zilizobambuka chini nataka ufanye hivi, nenda upitishe kiganja hapo palipobambuka. Kikitoka na unga mweupe kama wa ngano, hiyo ni chumvi. Huku pwani twajenga kwa mawe ya matumbawe, na mchanga wenyewe mara nyingi una chumvi, unyevu ukipanda kutoka ardhini waibeba ile chumvi mpaka juu ya plasta na rangi yasukumwa kutoka ndani. Ukipaka leo bila kutibu huo unyevu utapaka tena mwakani na mpangaji mwengine utamlaumu bure. Hiyo ni ya mwenye nyumba senti kwa senti. Mifereji ni hivo hivo, kama ploti yenu yatumia maji ya kisima cha Mtwapa wajua vile yana chumvi, yala washa, ile raba ya ndani ya mfereji, na yala chuma, hakuna mtoto aliyeng'ata mfereji. Kitasa kulegea ni mkono wa kila siku, mlango hufunguliwa na kufungwa. Hivyo vitatu vifute kwenye hesabu kabisa.

Rangi ya ndani ndiyo yenye mgogoro, hebu tuipige pole pole. Rangi haikai milele. Kwa nyumba yenye watoto, na joto na unyevu wa huku, mimi huhesabu miaka minne kwa rangi ya maji ya ndani, yaani miezi 48. Mtu akikaa kwa uangalifu yafika mitano, lakini minne ni haki kwa pande zote mbili. Mama pacha amekaa miezi 32. Kwa hivyo theluthi mbili za maisha ya ile rangi zimekwisha hata kama hangeigusa, na zile theluthi mbili ushalipwa ndani ya kodi, kodi ni ya nini kama si ya kutumia nyumba? Kuta ambazo zimefifia tu na kuwa na alama za kawaida hazidai kitu. Ukuta uliochorwa ni tofauti, huo umeharibika kabla ya wakati wake, kalamu za rangi zina nta ndani yake na rangi ya maji haishiki juu yake mpaka usafishe na kupaka ya chini kwanza. Muulize fundi ukuta huo mmoja peke yake ni pesa ngapi, usimuulize nyumba. Tuseme akuambia 1,800. Mpangaji alipe theluthi iliyobaki, 600. Umeona vile imetoka 16,000 ikawa 600, na si kwamba umemhurumia, ndivyo hesabu ilivyo.

Na huyo fundi tafuta mwengine wa pili. Simsemi shemeji kwa ubaya, lakini aliyemleta fundi na anayependekeza mpangaji akatwe wasiwe mtu mmoja, hata kama ni ndugu, hasa kama ni ndugu. Beba bei mbili zilizoandikwa.

Mashimo ya TV ni yake. Hakukuuliza akatoboa, au hata kama alikuuliza ilikuwa aachie ukuta mzima. Lakini ni ya kuziba na kulainisha mahali hapo tu, tuseme 700 na fundi amekuja siku hiyo hiyo ya ukuta wa chumbani usilipe nauli mara mbili. Luva mbili alipe bei kamili, kioo hakichakai kwa umri, kwa 250 kila kimoja ni 500. Lakini muulize zilivunjika vipi, kama ni siku ile ya upepo na fremu yenyewe imeoza kwa kutu haifungi, basi geuza, ni yako. Ufunguo wa pili 150 ya kuchonga, na kitasa cha mlango mkubwa wewe badilisha kwa pesa zako manake mpangaji mpya hafai kulala huku funguo nyingine iko mtaani. Bili ya maji 1,150 ni yake yote, hiyo haina maneno, ndiyo kazi ya ile depoziti ya maji.

Mafuta ya jikoni, mpe nafasi kwanza. Mwambie kabla ya kukabidhi funguo aje na sabuni ya unga na maji moto asugue, au wewe umlipe mama wa usafi 500 na ukate. Wengi wakipewa nafasi hujisafishia wenyewe, na huko ndiko kuheshimiana.

Kabati sasa. Hili nimelisoma mara mbili. Asema alimwambia keretaka tangu Januari. Kabla ya kuandika shilingi yoyote hapo, mwambie akuonyeshe ujumbe alioutuma, na wewe umuulize shemeji faraghani, kwa upole, uliambiwa au hukuambiwa. Kama aliambiwa na hakuleta plamba, ile mbao imefura mikononi mwenu, mpangaji hana kosa, ameripoti na amekaa na maji miezi yote hiyo akitandika matambara. Mtu kumwambia keretaka ni sawa na kukuambia wewe, wewe ndiye uliyemweka. Kama hakuripoti kabisa hapo atachangia, kwa sababu uvujaji mdogo ukisemwa mapema ni washa ya shilingi chache, ukinyamaziwa ni kabati. Mimi kwa ulivyoandika naelekea kumwamini mama pacha, mtu anayepiga simu kusema kodi itachelewa siku mbili si mtu wa kunyamazia bomba. Lakini wewe ndiye uko hapo, uliza.

Basi jumlisha. Maji 1,150, luva 500, mashimo 700, ukuta uliochorwa 600, ufunguo 150, na usafi 500 kama hatasafisha. Jumla 3,600. Kwa 13,000 inabaki 9,400 umrudishie, na akisugua jikoni mwenyewe ni 9,900. Bei zangu ni za kukuonyesha njia, weka za fundi wako, lakini hata zikipanda kidogo hutafika popote karibu na 13,000.

Kuhusu friji, mwanangu usithubutu. Kuzuia mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi kuna sheria yake na hufanywa na dalali mwenye leseni, na huyu hadaiwi kodi hata shilingi moja. Ukimzuilia friji kwa ajili ya rangi wewe ndiye utakuwa mkosaji. Na yeye ana pa kwenda. Lile baraza la kesi za kodi za nyumba ni la nyumba za kodi ndogo sana, sheria yake yashika zile ambazo kodi haizidi 2,500 kwa mwezi, kwa hivyo wewe na yeye mnafungwa na makubaliano yenu. Lakini tuna korti ya madai madogo kwa sheria ya mwaka 2016, yasikiliza madai mpaka milioni moja, yatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na mtu aweza kwenda mwenyewe bila wakili akiwa na makubaliano yake na meseji za M-Pesa. Pesa ulizoshikiwa na mtu ni madai yanayosikizwa huko. Sikutishi. Nakuambia ili ujue kwamba ile "depoziti hairudishwi popote" ya shemeji haina miguu.

Mume wako ana moyo mzuri na msikilize pia, ila asichanganye. Wema wa mtu haupunguzi bei ya luva, na ubaya wa mtu hauiongezi. Leo mkifuta kila kitu kwa sababu ni mwema, kesho akihama yule wa mlango wa tatu mtamkata kwa sababu hamumpendi, na wapangaji huongea kisimani. Fanyeni hesabu ya haki kwanza, muandike, mumpe. Alafu kama mwataka kumsaidia na watoto, mpeni kitu kwa mkono wenu wenyewe kama zawadi ya kuhama, hilo ni jambo lenu na Mungu.

Sasa hilo la tangi. Umefanya vizuri kusema. Ntakwambia ukweli si wewe peke yako, wenye nyumba wengi depoziti huingia tu kwenye simu pamoja na kodi na huishia saruji na ada za shule, lakini wengi kufanya hakuifanyi kuwa halali. Najua wazo limekujia la kungoja mpangaji mpya aingie na 13,000 yake umlipe nayo mama pacha. Usilichukue. Ni kulipa amana kwa amana, na mpya akichelewa kupatikana miezi miwili huyu wa kwanza atakaa akikupigia simu, na hata akipatikana utakuwa umeanza nyumba ile ile na shimo lile lile. Una wiki tatu hivi mpaka mwisho wa mwezi. Kodi za nyumba zile tatu zikiingia toa 9,400 kwanza kabla ya kitu chochote, kabla ya mkopo mdogo wa simu, kabla ya rangi. Kama kweli haitoshi muite sasa, si siku ya kuhama, umwambie nusu utampa siku ya funguo na nusu tarehe kadha, umwandikie. Atakasirika kidogo lakini atapanga mambo yake, huko anakoenda anadaiwa depoziti nyingine na pengine alikuwa ategemea hii.

Baada ya hapo fungua akaunti mbali, hata ile ya akiba ya kwenye simu, iwe na jina la depoziti na mume wako aijue. Nyumba tatu zilizobaki ni 39,000 ambazo yafaa ziwepo. Ukiweka 3,000 kila mwezi ni miezi 13. Mpangaji mpya atakayeingia kwa mama pacha, yake iende huko siku hiyo hiyo, isilale kwenye simu.

Na kwa huyo mpya usirudie "hali nzuri". Siku ya kuingia tembeeni wote wawili na simu, chukua video ya kila ukuta, fungua kila mfereji, onyesha chini ya sinki, hesabu luva kwa sauti, mtumie video hiyo WhatsApp hapo hapo mlangoni ibaki na tarehe. Andikeni kwamba kutoboa ukuta ni kwa ruhusa, kwamba uharibifu utahesabiwa kwa umri wa kitu, kwamba kitu kikivuja aripoti kwa ujumbe wa maandishi kwako, si kwa mdomo kwa keretaka, na kwamba pesa zitarudi ndani ya siku 14 pamoja na orodha. Hiyo siku 14 chagueni wenyewe, lakini iwe na namba.

Kwa mama pacha, usimpigie ukamwaga kila kitu kwenye simu. Mtumie hivi:

"Salaam mama pacha. Nashukuru kwa miaka uliyokaa na sisi. Nataka tupite nyumba pamoja Jumamosi saa nne kabla hujafunga mizigo, tuandike yaliyoharibika na ya kwako na ya kwangu. Nimeshaona rangi ya nje, mifereji na kitasa ni vya umri, sikudai. Ukiwa na ujumbe uliomtumia keretaka kuhusu bomba niletee niuone. Ukiweza kusugua ukuta wa jikoni sitakukata usafi. Depoziti iliyobaki ntakutumia siku ya funguo na orodha na risiti."

Nenda na daftari na kalamu, mume wako akae na wale pacha nje. Kila kitu muulize yeye kwanza kilikuwaje ndipo uandike. Akisema luva moja aliikuta na ufa na huna picha ya kumpinga, mwandikie luva moja, 250, mwende chumba cha pili. Mkimaliza mtie sahihi wote wawili na kila mtu apige picha ukurasa.

Plamba wa hilo bomba mwite leo, usingoje ahame, bado wanapikia hapo.